Niliisingizia Radi

Jumamosi, mwezi wa Mei, saa kumi na nusu jioni.

Mvua imeacha kunyesha sasa hivi, lakini mabati ya zizi la Bwana mwenye shamba bado yanadondosha maji. Nimekaa kwenye kigoda nje ya jikoni, daftari juu ya magoti. Ndani kuna moshi. Tena ndani yumo Kukhu, anakunja nguo zake.

Kukhu ni nyanya yangu, mama yake Baba. Jumatatu anarudi Kimilili.

Anarudi kwa sababu yangu, na hajui.

Mwalimu Dorkasi alipotugawia madaftari haya alisema tuandike kila wiki, kwa Kiswahili safi, na tuandike ukweli kwa kuwa yeye hatayasoma. Nimeangalia nyuma nilichoandika wiki zilizopita. Kuna habari za kwaya, habari za baridi ya asubuhi, na habari za mtihani wa hesabu. Hakuna uongo humo, lakini ukweli pia haumo. Leo nataka kujaribu.

Kukhu alikuja kukaa nasi mwaka jana, baada ya babu kuzikwa. Baba anaendesha trekta katika shamba hili la ngano, upande wa Moiben, na nyumba yetu ni ya tano katika laini ya wafanyakazi. Siku ile Kukhu alishuka kwenye lori akiwa na fundo la nguo na tenga, na ndani ya tenga alikuwemo kuku mmoja mwekundu asiye na manyoya shingoni. Sisi tulimwita Kishingo. Baba alicheka akamwambia mama yake kwamba kuku hata huku wapo.

"Wapo," Kukhu alimjibu, "lakini hawanijui."

Mama hufanya kazi jikoni kwa Memsahib, mke wa Bwana, tangu alfajiri hadi jioni. Kwa hiyo Kukhu ndiye anayebaki na mdogo wangu Nafula, ambaye hajafikisha miaka miwili. Humbeba mgongoni akienda kuni, humlisha uji, humlaza. Kwa mwaka mzima sijasikia Mama akiuliza kama mtoto amekula.

Kukhu alikuwa na mpango wake. Kishingo akipata vifaranga, nao wakikua, alitaka kutoa mtetea mmoja kwa kila nyumba iliyomkaribisha alipofika. Aliniambia kwamba mwanamke anayepokea tu bila kutoa hubaki mgeni hata akikaa miaka kumi. Nadhani alikuwa amechoka kuwa mgeni. Mwaka jana Kishingo aliangua mara moja, na mwewe akawamaliza vifaranga wote kabla ya Krismasi. Kukhu alingoja tu.

Mwezi wa Aprili Kishingo akaanza kuvimbisha manyoya na kukoroma kooni kila tulipomkaribia. Kukhu alifurahi kama aliyepata barua.

"Anataka kuatamia," alisema. "Msimpigie kelele. Sasa amekuwa mama."

Alikuwa ameweka mayai kumi ndani ya chungu cha wimbi. Alhamisi moja mchana akatengeneza kiota pembeni ya jikoni, katika kikapu kilichochakaa. Akatandika nyasi kavu, akaweka vipande vitatu vya makaa na msumari mmoja wenye kutu, juu yake akapanga mayai. Kuku wa kuatamia haketishwi mchana, kwa hiyo alingoja jioni iingie. Mwaka jana, alipoweka makaa vivyo hivyo, nilimuuliza ni ya nini.

"Radi ikinguruma hutafuta kilicho hai ndani ya yai," alisema. "Ikikuta makaa inaona hapa pameshaungua. Inapita."

Sasa naandika lile ninaloliogopa.

Wiki ileile Mwalimu Dorkasi alikuwa ametufundisha habari za usafi, na habari za mambo ambayo watu huyaamini bila sababu. Tuliandika insha. Mimi niliandika juu ya radi na makaa, na sikutaja jina la Kukhu, lakini kila neno lilikuwa lake. Nilipata alama kumi na tisa kwa ishirini. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa la sita lote, na wasichana wakacheka mahali nilipotaka wacheke.

Nilirudi nyumbani Alhamisi hiyo nikiwa na sifa kichwani. Kukhu alikuwa ameenda kuni, Nafula mgongoni. Nikatazama kiotani nikaona mayai yamepakwa weusi wa makaa. Nikasema moyoni, huu ni uchafu, na uchafu huleta ugonjwa. Nikapasha maji. Nikachukua kile kipande cha sabuni ambacho Mama hupewa na Memsahib, nikayaosha mayai yote kumi, moja moja, nikayasugua kwa kitambaa hadi yakang'aa. Makaa nikayatupa mekoni. Msumari nikautupa mferejini. Kisha nikapanga nyasi vizuri ili Kukhu asigundue.

Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilijiona nimesaidia.

Jioni Kukhu alimketisha Kishingo juu ya mayai. Macho yake hayaoni vizuri ndani ya moshi.

Kesho yake asubuhi alikuja Mama Chebet wa nyumba ya tatu, ambaye ni Mnandi na ndiye rafiki mkubwa wa Kukhu hapa. Alikuwa na mayai mawili madogo, meupe, ndani ya kiganja. Yetu yana rangi ya chai.

"Mama, wekea mimi hizi mbili chini ya hiyo kuku yako," alisema. "Yangu inataga tu, kukaa haitaki."

"Na jogoo wako ni mzima?" Kukhu akamuuliza. "Namsikia akiwika saa nane mchana kama mlevi."

"Mzima kabisa. Lakini nyinyi watu wa Kimilili mmetuharibu. Zamani sisi tuliona kuku ni ndege tu, kama ile ya porini."

"Tumewaharibu vizuri. Juzi ulirudisha sahani yangu ya mayai ikiwa imerambwa."

Walicheka wote wawili, na yale mayai mawili yakasukumwa chini ya Kishingo bila kuoshwa na mtu. Ilijulikana wazi kwamba yakianguliwa, vifaranga hao ni wa Mama Chebet. Ndiyo desturi: kuku ni mlezi tu, kifaranga ni wa mwenye yai.

Jumanne ya wiki ya pili ilipiga radi ambayo sitaisahau. Ilipasua mti wa mwati ulio karibu na zizi, gome likaruka hadi njiani. Wakati wote wa mvua ile Kukhu alikaa chini kando ya kiota, Nafula mapajani, mkono wake juu ya mgongo wa Kishingo. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilimwonea huruma, ile huruma ya mtu anayedhani anajua zaidi.

Siku ya ishirini na moja tulisikia sauti nyembamba. Asubuhi ya pili walikuwa wametoka vifaranga wawili, na kando yao yapo maganda mawili meupe. Tukangoja. Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita. Jumapili tulipotoka kanisani Kukhu akayachukua mayai yetu moja moja, akayatikisa karibu na sikio. Yote yalicheza maji. Akaenda kuvunja moja nyuma ya choo, na harufu ikatufikia tulipokuwa.

"Viza," alisema. "Yote kumi ni viza."

Kisha akarudi akapiga magoti mbele ya kikapu, akapekua nyasi. Alipekua kwa muda mrefu.

"Nekesa, makaa yako wapi?"

Nikawainamia vifaranga.

"Niliweka. Nakumbuka niliweka." Akatazama mikono yake. "Au nilitaka kuweka nikasahau?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Ningeweza kusema, Kukhu, uliweka, mimi ndiye niliyetoa. Ni maneno machache kuliko yale ya insha yangu. Badala yake nikasema hivi:

"Ni ile radi, Kukhu."

Mimi, msichana wa alama kumi na tisa.

Akaitikia kwa kichwa. Alisema ndiyo, ilikuta hakuna makaa, ikachukua yetu, na yale ya Mama Chebet iliyaacha kwa kuwa ni ya mgeni. Alinishukuru kwa kumfariji. Nililala na neno hilo la asante kama mchanga ndani ya kiatu.

Siku ile sikujua bado ni nini kilichoyaharibu mayai. Niliogopa tu kugunduliwa kwamba nilitoa makaa. Lakini Jumatatu nilimuuliza Mwalimu Dorkasi kama mayai ya kuatamiwa yanafaa kuoshwa. Akasema la. Akasema ganda lina vitundu vidogo visivyoonekana, na juu yake kuna utando wa kulilinda. Ukiosha kwa sabuni unaondoa ulinzi, na maji hupeleka uchafu ndani.

"Usafi nao una mahali pake," alisema. "Kwani nani ameosha?"

"Mtu mmoja wa huko laini," nikasema.

Tangu Jumatatu hiyo nawalea vifaranga wale wawili zaidi ya nilivyoagizwa. Kabla ya shule nabadilisha nyasi na kunyunyiza majivu kwa ajili ya utitiri. Nawatilia maji katika kifuniko cha kopo, na katikati naweka jiwe wasije wakazama. Nawasagia mahindi mpaka yawe kama chenga za mchele. Kishingo ana bidii ya kuku mwenye vifaranga kumi na wawili. Huwaita, huchakura, huwaachia kila punje. Jioni hutanua mabawa yote mawili, na chini yake nafasi nyingi hubaki tupu. Nikitazama nafasi ile siwezi kumaliza ugali wangu.

Lakini kuku si neno kubwa. Neno kubwa ni hili.

Tangu Jumapili Kukhu hajiamini. Anauliza, "Nekesa, nimetia chumvi?" na chembe za chumvi bado ziko vidoleni mwake. Anarudi kutoka njiani kuangalia kama amefunga mlango. Amemfunga Nafula mgongoni kisha akamtafuta kwa macho, mara moja tu, lakini niliona. Mama pia aliona, na jana jioni alionja mboga kabla ya kupakua, jambo ambalo hajalifanya hata siku moja.

Jumatano Kukhu alizungumza na Baba hapo nje. Mimi nilikuwa ndani nikipiga pasi sare yangu.

"Mwanangu, nirudishe nyumbani," Kukhu alisema.

"Kwa nini, Mama? Umekosewa?"

"Sijakosewa. Mtu aliyesahau makaa, kesho atasahau mtoto karibu na moto."

"Mama, hayo ni mayai tu."

"Ndiyo. Leo ni mayai."

Alhamisi Baba akaomba nafasi katika lori la Jumatatu linalokwenda Turbo, na kutoka huko Kukhu atapanda gari la moshi. Leo Baba yuko Eldoret na Bwana kuchukua vyuma vya trekta. Sisibo, kama Mama Chebet anavyouita mji huo. Atarudi kabla ya giza. Atarudi na sukari ya Kukhu ya kupeleka nyumbani.

Nimejiuliza kwa nini sisemi. Nilidhani naogopa kupigwa, lakini Kukhu hajawahi kunipiga. Nilidhani naogopa Baba. Sivyo. Naogopa kukiri kwamba nilimcheka mtu kwa kuamini radi, kisha nilipobanwa nikajificha nyuma ya radi hiyohiyo. Yeye aliamini kweli. Mimi niliitumia tu. Sasa nani kati yetu ana giza kichwani?

Kesho kutwa ataondoka akidhani akili yake inamwacha. Ataketi peke yake katika nyumba ya babu, akijiuliza kama amefunga mlango.

Nafunga daftari. Naenda kumwambia.

Saa kumi na mbili.

Nimerudi kwenye kigoda. Naandika haraka, mtaniwia radhi kwa mwandiko. Sijui namwambia nani.

Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, leso magotini. Nafula alikuwa amelala nyuma yake. Nilisimama wima kama ninavyosimama darasani, maana sikujua kusimama kwingine, nikasema yote. Sabuni, maji ya moto, kitambaa, makaa, msumari. Niliyoambiwa na Mwalimu. Hata insha.

Nilipomaliza aliuliza jambo ambalo sikulitazamia.

"Msumari pia?"

"Msumari pia, Kukhu."

"Kwa hivyo niliweka."

"Uliweka."

"Makaa matatu."

"Matatu."

Akafunga macho. Nilidhani anaomba. Kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na sauti, na machozi yakatoka humohumo katika kicheko. Sijapata kumwona Kukhu akilia, hata kwenye matanga ya babu aliimba tu.

"Sabuni," alisema. "Yai uliliosha kama sahani."

"Ndiyo, Kukhu."

"Na mwalimu wako huyo wa alama nyingi hakukuambia mapema kwamba yai si sahani?"

Nikataka kucheka, nikashindwa. Alijifuta uso kwa leso. Alipoanza tena kusema sauti yake ilikuwa chini, na afadhali angenipiga.

"Nekesa, siku sita nimejichunguza kama mtu anayetafuta mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Usiku nahesabu majina ya watoto wangu nione kama yote yapo. Nawe ulikuwa unaniona."

"Nilikuona."

"Basi. Hilo ndilo lililoniuma. Mayai hayaniumi."

Nilimwomba msamaha. Nilipiga magoti, naye akaniinua kwa kunishika kiwiko, kwa nguvu nyingi kuliko nilivyodhani anazo. Alisema amenisamehe, lakini Baba akifika nitamwambia mwenyewe, na Mama pia, na Jumapili nitapita kwa Mama Chebet nimwambie, kwa sababu yeye Kukhu ameshawaambia wote kwamba amezeeka kichwa. "Niliwaambia kwa mdomo wangu," alisema. "Wewe utawarudishia kwa mdomo wako." Nilikubali. Nitaona haya sana, na itanistahili.

Kisha nikaanza kufungua fundo lake la nguo. Nilidhani sasa hakuna safari tena. Alinishika mkono.

"Acha. Jumatatu nitaenda."

"Lakini Kukhu, hukusahau kitu."

"Sikusahau. Ndiyo maana nitaenda vizuri. Paa la nyumba ya babu yako linataka kuangaliwa kabla mvua hii haijalimaliza, na nikisema neno mbele ya mwanangu silimezi kwa sababu ya sabuni." Akalifunga fundo upya, taratibu. "Nilikuwa naenda kama mtu anayekimbia kichwa chake. Sasa nitaenda kama mtu anayetembea."

Hakusema anatembea kwenda na kurudi, au kwenda tu.

Nilisimama pale nikiangalia vidole vyake vikikaza fundo, na swali likafika mpaka kwenye meno. Sikuliuliza. Nafula aliamka akalia, Kukhu akamchukua akamweka begani bila kutazama pembeni, akaanza kumwimbia, akakumbuka maneno yote.

Lori alilopanda Baba nalisikia sasa likipanda kilima. Nitamlaki njiani nimwambie kabla hajashusha sukari.

Na kesho, kabla hatujaenda kanisani, nitamuuliza Kukhu kama atarudi. Akisema ndiyo, nitamwandalia kikapu kipya. Akisema la, nitajua ni kwa nini, na sitatafuta wa kumsingizia.